Siku Tuliyokwenda Kula Mikumi

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kula hotelini. Siku za soko alitoka kijijini kwetu Ulaya kwa baiskeli alfajiri, amefunga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, na akifika Kilosa alikaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa akavila peke yake na maji ya bomba. Hoteli zilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, harufu ya mchuzi inampiga usoni, lakini hakugeuka. Tulimtania kwamba ni bahili. Yeye alisema chakula cha hotelini kinapikwa na mtu asiyekujua na kinaletwa na mtu asiyekupenda, na kwamba hana haja na vyote viwili. Niliamini maneno hayo kwa miaka mingi, maana alikuwa mtu wa maneno machache na yaliyonyooka.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kilosa mjini, nimepanga chumba kimoja chenye jiko la mkaa lililokuwa likinivunja moyo kila jioni. Sikupenda kupika na sioni aibu kulisema. Nikitoka darasani, mikono imejaa chaki, nilikwenda moja kwa moja kwenye hoteli moja karibu na stesheni. Ilikuwa na meza nne za mbao zilizopakwa rangi ya buluu, mabenchi yaliyochubuka, na ubao mlangoni ulioandikwa chai, chapati, wali, maharage, mbuzi. Treni ikisimama, abiria walimiminika humo kana kwamba wamefungiwa na njaa tangu Dodoma. Supu ya kongoro iliisha kabla ya saa tatu asubuhi, na chai ililetwa kwenye glasi nene, imejaa hadi ukingoni, ndipo ujue umelipia kitu.

Wanawake hawakukaa mbele. Kulikuwa na pazia la maua upande wa nyuma, na nyuma yake meza moja. Mwanamke mwenye heshima zake alipita ubavuni, akakaa kule, akala haraka, akaondoka. Walimu wenzangu wa kike waliniambia kwamba nitakosa mume kwa kupenda chapati za watu. Nikawajibu kwamba nikikosa mume nitakuwa walau nimeshiba.

Mhudumu wa pale alikuwa kijana wa Malolo, mrefu, mwenye sauti ndogo katika mahali palipotaka sauti kubwa. Wenzake walipiga kelele kuelekea jikoni, chai mbili, wali mmoja, ongeza mchuzi. Yeye aliingia jikoni mwenyewe akatoka na sahani sita mikononi, na kila moja ikatua mbele ya mtu wake. Sikuwahi kumwona akikosea. Sahani yangu aliipitisha kwenye ubavu wa pazia bila kuchungulia, kwa adabu. Siku moja juu ya maharage yangu kulikuwa na yai la kukaanga ambalo sikuliagiza. Nikalalamika kwa sauti, kwa sababu ndivyo nilivyo. Akasema kutoka upande wa pili wa pazia kwamba yai ni la mwalimu aliyemfundisha mdogo wake kusoma barua. Mdogo wake nilimjua, alikuwa mtoto mzito kama gogo, nami nilikuwa nimehangaika naye mwaka mzima. Nilikula lile yai nikiwa na furaha isiyokuwa na maana.

Mambo yetu yalianza hivyo, kwenye pazia, na yalichukua mwaka mzima kufika mahali pa kuitwa mambo.

Kisha yeye akapata nafasi. Siku hizo serikali ilikuwa inatafuta vijana wa kufanya kazi katika hoteli za watalii, na mmoja wa abiria aliyekula pale stesheni alimwona anavyobeba sahani akampa karatasi ya maombi. Alipelekwa Dar es Salaam kusomea kazi ya mezani kwa miezi sita. Likizo ilipofika nikapanda treni kwenda kumsalimia shangazi yangu Magomeni. Shangazi alishangaa kwamba nimemkumbuka ghafla.

Dar es Salaam ilinifundisha kula. Jumapili ya kwanza alinipeleka Kariakoo, kwenye kibanda ambacho mwenyewe alikaanga samaki mbele yako, ukachagua kwa kidole, ukapewa na wali wa nazi kwenye sahani ya bati na pilipili ya kuwasha masikio. Hapakuwa na pazia. Wanawake walikaa pamoja na wanaume, viwiko vinagusana, na hakuna aliyejali. Jumapili iliyofuata alinipeleka kwenye hoteli kubwa ya ghorofa alikokuwa anajifunzia, maana wanafunzi waliruhusiwa kuleta mgeni mmoja mara moja. Nilivaa gauni la kuazima. Niliagiza nyama, ikaja ikiwa bado inatoka damu. Nikairudisha, ikaja tena, damu imepungua kidogo tu. Nikamwambia mhudumu kwamba mimi si simba, naomba iive. Mchumba wangu alicheka mpaka akafunika uso kwa kitambaa cha meza.

Lakini kuna kitu kingine nilikiona pale. Mhudumu yule, mtu mzima mwenye mvi, alikuja kuniuliza kama nimeridhika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilipomwambia hivyo mchumba wangu, akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kubeba sahani kila mtu anaweza. Kazi ni kuona mtu anataka nini kabla hajasema, na kumpa bila kumfanya ajione mdogo. Alisema hayo akitazama mikono yake, kana kwamba anaona haya kwa kuipenda kazi yake. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba nitaolewa na mtu huyu, hata ikiwa itabidi nijifunze kupika.

Alipomaliza masomo alipangiwa Mikumi, kwenye hoteli ya watalii ndani ya hifadhi. Mshahara ulikuwa wa kueleweka. Wazee wake wakaandika barua ya posa ikapelekwa Ulaya kwa mjomba. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, lakini hata angekuwepo, kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni kaka yake mama. Barua ilimtaja kijana, ukoo wake, dini yake, na kazi yake, mhudumu wa mezani.

Mjomba aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema hapana.

Niseme kwamba mjomba alikuwa mtu mkubwa pale kijijini. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, wa kwanza kufika kwenye shamba la ujamaa na wa mwisho kutoka, na kwenye mikutano alizungumza kuliko alivyozungumza nyumbani. Zamani, kabla ya uhuru, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye shamba la mkonge la mzungu mmoja upande wa Kimamba. Alikuwa karani wa ghala. Hivyo ndivyo tulivyojua sote, na mama alijivunia sana kwamba kaka yake alishika kalamu wakati wenzake walishika panga. Basi mtu wa namna hiyo akaniambia hivi, "Tumepata uhuru ili vijana wetu wasimame nyuma ya viti vya watu? Mwanamume anayebeba sahani za watu wengine haniolei mtoto."

Nilimjibu, na sikumjibu vizuri. Nilimwambia kwamba mwalimu ni mtumishi, nesi ni mtumishi, na hata yeye balozi anajiita mtumishi wa wananchi, sasa tofauti iko wapi. Akachukua jembe akaenda shambani, saa saba mchana, jua la utosi. Barua hakuijibu na hakuirudisha. Ikakaa kwake miezi minne. Kwa desturi, barua isiyorudishwa haijakataliwa, lakini wazee wa Malolo walianza kuulizana kama wametukanwa, na mchumba wangu akawa anapata ushauri wa kutafuta kwingine. Nilikuwa nalala na kuamka na jambo hilo moja. Mama alimtaka kijana yule kwa sababu mimi nilimtaka, lakini kumpinga kaka yake hakukuwa katika mambo aliyojua kuyafanya.

Hapo ndipo mchumba wangu alipofanya jambo la ujasiri na kosa kwa pamoja. Alimwandikia mjomba barua ya heshima akimwomba aje Mikumi aione hiyo kazi kwa macho yake, ale kama mgeni, ndipo aamue. Huo ulikuwa ujasiri. Kosa lilikuwa neno la mwisho la barua. Aliandika, karibuni nyote.

Mjomba alishindwa kukataa, kwa sababu balozi haogopi kwenda kuona. Lakini alisema hatakwenda bila dada yake. Mama akatoa khanga zake mpya sandukuni.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani wakila. Mkwe akimwona njiani huacha njia akapita porini. Akimsalimia huchuchumaa mbali, macho chini, na mama mkwe huitikia akiwa ameteremsha khanga usoni. Kumwona mkweo anafungua mdomo atie tonge ni kama kumwona hana nguo. Hata uchumba ambao haujajibiwa hubeba adabu hizo, tena kwa ukali zaidi, maana ndio wakati wa kutazamwa. Sasa kazi ya mtu huyu ilikuwa kusimama karibu na watu wanaokula.

Nilipomwandikia kwamba mama naye anakuja, alinijibu upesi nisiwe na wasiwasi. Amezungumza na mwenzake, mwenzake ndiye atakayetuhudumia, yeye atakaa mlangoni mwa jiko na mjomba atamwona akihudumia meza za mbali. Nikatulia.

Tulikwenda Jumamosi kwa basi la asubuhi, na pale Mikumi njia panda tukachukuliwa na gari la wafanyakazi. Mjomba alivaa koti lake la mikutano. Tuliingia kwenye ukumbi wa kulia chakula, mahali penye dari ya juu na dirisha moja refu lililotazama mbugani. Chini kulikuwa na dimbwi, na kwenye dimbwi tembo kumi au zaidi wakinywa maji. Watalii walikuwa wamewaelekezea kamera. Mama aliwatazama tembo, akawatazama watalii, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hao ndio wanaokula mahindi yetu usiku kucha, na hapa watu wanalipa kuwatazama. Akachagua kiti kilichokuwa mbali na kioo.

Mjomba alikaa na mgongo ukutani. Niliona kwamba hakushangaa chochote. Mimi siku yangu ya kwanza Dar es Salaam nilihesabu vijiko mezani nikachanganyikiwa, lakini yeye alikaa kama aliyezoea, mikono mapajani, hakugusa kitu. Nikadhani ni ubalozi huo.

Mambo yalianza vizuri. Yule mwenzake mchumba wangu alituletea mikate midogo na siagi, akamwamkia mjomba shikamoo kwa adabu zote. Kisha mvua ikashuka ghafla, na ndani ya dakika kumi basi zima la watalii likaingia limelowa, watu wakivuta viti na kuita. Meneja akatokea. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa kanda ya ziwa, kijana bado lakini mwenye miwani na haraka. Akanyoosha kidole, wewe nenda kule, wewe shika hapa. Mhudumu wetu akapelekwa kwa wale waliolowa. Na mlangoni mwa jiko nikamwona mchumba wangu anatoka na sinia lenye mabakuli matatu ya supu, anakuja kwetu.

Alifika kwenye nguzo, hatua kama sita hivi kutoka mezani, akasimama.

Mama alimwona. Akateremsha khanga mpaka kidevuni na kuweka chini kipande cha mkate alichokuwa amekishika. Alibaki hivyo, ameinama, hali, hanywi. Mchumba wangu alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta. Mvuke wa supu ulimpanda shavuni. Watu waliokuwa meza ya jirani walianza kututazama.

Meneja alikuja. Hakupiga kelele, nitampa haki yake. Alimwambia taratibu, "Peleka supu, wageni wanangoja."

"Siwezi, ndugu meneja," alisema mchumba wangu.

Meneja alidhani hakusikia vizuri. Akarudia. Mchumba wangu akasema tena kwamba hawezi, na kwamba anaomba mtu mwingine yeyote aipeleke, hata mpishi. Meneja akamwambia mpishi ana chakula cha watu arobaini jikoni, na akamuuliza kama ameichoka kazi. Kazi kama ile ilikuwa na vijana mia wanaoingoja nje ya geti, sote tulijua. Mchumba wangu alisema hajaichoka. Lakini hakuondoka pale kwenye nguzo. Niliona nakosa vyote siku moja, ndoa kwa mjomba na kazi kwa meneja, na nilitaka kuinuka nichukue hilo sinia mimi mwenyewe.

Mjomba aliinuka kabla yangu.

Alikwenda mpaka kwenye nguzo. Nilidhani anakwenda kusema maneno ya mkutanoni. Badala yake alichukua kitambaa cheupe kwenye mkono wa mchumba wangu, akakikunja mara tatu kwa urefu, akakiweka juu ya mkono wake wa kushoto. Akapokea sinia. Hakulishika kwa mikono miwili kama mtu anayesaidia. Aliliweka juu ya kiganja kilichofunguka, usawa wa bega, akarudi mezani bila supu kutikisika. Akapita nyuma ya mama, akainama upande wake wa kushoto, akaweka bakuli mbele yake. Halikutoa sauti. Akaligeuza kidogo ili ua lililochorwa ukingoni litazame juu, akasogeza kijiko kwa kidole kimoja. Kisha akaniwekea mimi hivyo hivyo. Nilimtazama usoni nikatamani nisingemtazama. Ulikuwa uso wa mjomba wangu lakini ndani yake hamkuwa na mtu.

Meneja alianza kusema kwamba hapa mgeni hahudumii. Mjomba alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Ndugu, huyo ni mama mkwe wake." Meneja alimtazama mama chini ya khanga yake, akamtazama kijana kwenye nguzo. Sijui huko kwao wana desturi gani, lakini naye alikuwa na mama mkwe mahali fulani, ilionekana. Alivua miwani akaifuta. Akaenda kusimama dirishani kuwatazama tembo.

Tulikula hivyo. Mchumba wangu alileta samaki mpaka kwenye nguzo, mjomba akainuka, akapokea, akatuwekea kutoka kushoto, akaondoa sahani chafu kutoka kulia, hakugonganisha hata uma mmoja. Alileta nyama, ikawa vile vile. Katikati alikaa akala chake, na alikula upesi sana, kama mtu anayeibia wakati. Mama alikula kila kitu. Sikuwahi kumwona akila hivyo mbele ya watu, kimya, bila kuacha chembe, mkono wake mmoja umeshika khanga.

Wakati wa kuondoa sahani za nyama, mtalii mmoja, mzee wa kizungu mwenye uso mwema, alimwona mjomba amesimama na kitambaa mkononi, akainua kidole chake na kuonyesha jagi tupu la maji.

Mjomba akaanza kwenda. Nasema nilichokiona. Miguu yake ilikwenda hatua mbili kuelekea lile jagi kabla yeye mwenyewe hajaiambia isimame. Kisha akasimama katikati ya ukumbi. Alikaa pale kidogo, kitambaa kikining'inia, halafu akarudi mezani, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni ya sahani yake. Hakuinuka tena. Matunda yaliletwa na meneja mwenyewe.

Mchumba wangu alipewa onyo kwa maandishi siku ile ile, lakini kazi hakunyang'anywa. Alitusindikiza mpaka kwenye gari akitembea mbali nyuma yetu. Pale garini alichuchumaa akamwamkia mama, na mama akaitikia marahaba kwa sauti iliyosikika vizuri. Mjomba alipanda gari bila kugeuka. Mimi nilikuwa nimekata tamaa. Nilijiambia kwamba tumemfedhehesha mbele ya watu, na kwamba barua itarudishwa kesho asubuhi.

Katika basi la kurudi mama alikaa na kaka yake, mimi nikakaa nyuma yao. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa matope matupu. Tulikwenda mwendo mrefu hivyo. Mama ndiye aliyeanza, bila kumgeukia.

"Kaka," alisema, "lile ghala lilikuwa ghala gani?"

Mjomba alifuta kioo cha dirisha kwa kiganja. Akasema hapakuwa na ghala. Kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba meza ya watu kumi na wawili, naye alisimama nyuma ya kiti cha bwana mwenye shamba miaka kumi na tisa, akaitwa boi mpaka siku aliyoondoka akiwa na watoto wanne. Alisema alitutungia uongo wa ghala mwaka wa kwanza, kwa haya, halafu mama akaanza kujisifu kwa majirani, na uongo ukawa hauna mlango wa kutokea. Aliongea kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. Mama alisikiliza, mkono wake uko kwenye goti la kaka yake.

Kisha akasema jambo jingine, na hilo sauti yake haikulibeba vizuri. Siku babu yangu, yaani baba yao, alipofariki, habari ilimfikia pale shambani kabla ya mchana, akiwa anafuta glasi. Aliomba ruhusa. Akaambiwa pole, lakini jioni kuna wageni, weka chakula mezani kwanza, kesho uende. Akaweka chakula mezani. Alifika Ulaya siku ya pili yake adhuhuri, wameshazika, akawaambia kwamba gari moshi lilichelewa.

Kondakta alipita akidai tiketi, akapewa, akaenda zake.

"Tulikungoja mpaka jua likataka kuzama," mama alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamwarifu tu.

"Najua, dada yangu."

Nililia pale nyuma bila sauti, nikijifuta kwa kilemba. Sikulia kwa ajili ya posa, nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nakumbuka nilivyomwambia kwamba hakuna tofauti, na yeye akabeba jembe kwenda juani.

Tulipokaribia Ulaya, abiria wakianza kukusanya vikapu vyao, mjomba aligeuka kwenye kiti akanitazama. Macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umerudiwa na mwenyewe.

"Waandikie wazee wake waje Ijumaa," alisema. "Yule kijana kaambiwa peleka, akasimama. Mimi sikujua kama mtu anaweza kusimama."